Kupanda Milima ya Taita wakati wa kusi

Mtu wa Mombasa akisikia kusi huwaza bahari iliyochafuka, vyombo vilivyofungwa na samaki waliopanda bei. Lakini upepo huo hauishii Mazeras. Huvuka nyika yote hadi ukutane na Milima ya Taita, kilomita 150 hivi kutoka pwani, na hapo hauna pa kupita ila juu. Hewa ikipanda hupoa, na mvuke iliyoubeba kutoka baharini hugeuka matone. Ndiyo maana Voi, iliyo chini, hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 tu kwa mwaka, ilhali juu ya milima hupita milimita 1,000, mbali na maji ambayo ukungu huyaacha majanini hata siku isiyo na mvua.

Karibu kila uamuzi wa safari hii unatokana na hilo: mwezi wa kwenda, saa ya kuanza kupanda, upande wa mlima, hata kitambaa cha shati. Anayepanga kwa kalenda ya likizo peke yake anaweza kufika kileleni akatazama weupe mtupu kwa saa mbili, kisha akarudi na mafua akisema Taita hakuna kitu.

Kuanzia Juni hadi Septemba, kusi likiwa limeshika, mawingu hukaa juu ya vilele tangu alfajiri, na mara nyingi hayainuki mpaka jua liwe kali. Kuna baridi na manyunyu mepesi, na njia huteleza ingawa si matope ya kuzamisha mguu. Huu ndio msimu wa msitu. Vyura huwa hai, kangaga zimenyooka, na miti mikubwa hudondosha maji. Mandhari ya mbali usiyategemee. Januari na Februari, kaskazi ikivuma, asubuhi anga huwa wazi, na siku nzuri Kilimanjaro huonekana upande wa magharibi. Wingu hujikusanya baadaye mchana, kwa hiyo anayetaka picha awe kileleni jua linapochomoza. Masika, Machi hadi Mei, na vuli, hasa Novemba, ni za mwenye gari la kuvuta magurudumu yote manne na moyo wa kukwama. Mimi ningechagua Julai au Agosti bila kusita. Mlima wa kutazamwa kwa mbali upo kila mahali, msitu wa ukungu haupo.

Kabla ya kukata tiketi, elewa unakwenda mlima upi. Dawida ndio mkubwa, wenye miji ya Wundanyi na Werugha, msitu wa Ngangao na kilele cha Vuria chenye mita 2,208. Mbololo ni ukingo wa peke yake kaskazini-mashariki, umetengwa na Dawida kwa bonde. Sagalla uko kusini ya Voi, na Kasigau, mita 1,641, umesimama pweke nyikani kusini ya Maungu. Kuna pia hifadhi ya wanyama na hoteli zake zinazobeba jina la Taita Hills, nazo ziko chini kabisa kwenye tambarare, upande wa barabara ya Taveta. Ni pazuri kwa ndovu na nyati, ila huko huoni ukungu wala msitu. Watu hulipia chumba huko wakidhani wataamka mlimani, na kosa hilo halirekebishiki ukiwa tayari umefika.

Kwa kufika, gari moshi la SGR linalosimama vituo vya njiani ndilo rahisi. Huondoka Miritini, kituo cha Mombasa, asubuhi na kukushusha Voi. Kuna magari zaidi ya moja kwa siku, na la moja kwa moja hadi Nairobi huenda lisisimame Voi. Hakikisha tiketi yako ni ya lile linalosimama hapo. Kituo cha Voi kiko nje ya mji, kwa hiyo utahitaji bodaboda au teksi hadi stendi ya matatu. Kwa barabara kuna mabasi na matatu kutoka Mwembe Tayari, Mombasa mjini. Malori ndiyo huamua mwendo, hasa vipande vya Mariakani na Samburu, na wengi hupumzika Mackinnon Road kwenye msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali, mahali ambapo madereva wamezoea kusimama tangu zamani. Kutoka Voi unafuata barabara ya Taveta hadi Mwatate, kama kilomita 25, kisha unakata kulia na kuanza kupanda kama kilomita 15 za kona hadi Wundanyi.

Kipande hicho cha mwisho kinahitaji maneno zaidi kwa anayejiendeshea. Ukiingia kwenye ukungu, washa taa za chini, usiwashe taa za juu. Taa kali huipiga ile mvuke na kurudi machoni mwako, na utaona kidogo kuliko ukiwa na taa hafifu. Piga honi kabla ya kila kona isiyoonekana upande wa pili. Kioo cha mbele kikiingia mvuke kwa ndani, sababu ni pumzi zenu na nguo mbichi: fungua madirisha kidogo na elekeza hewa kiooni, usikipanguse kwa mkono kwani mafuta ya ngozi yatakifanya kiwe kibaya zaidi. Wakati wa kushuka weka gia ndogo, ya pili au hata ya kwanza, uiache injini ishike gari. Anayeshuka akiwa amekanyaga breki muda wote atasikia harufu ya kuungua kabla ya kufika Mwatate, na harufu hiyo ikishatoka breki zimeshapungua nguvu. Simama kando, subiri zipoe, na usizimwagie maji. Barabara ya Voi hadi Taveta nayo huvukwa na ndovu wa Tsavo. Panga kuipita mchana.

Sasa baridi. Hesabu yake ni nyepesi: kwa kila mita 100 unazopanda, joto hupungua kwa karibu nyuzi 0.6. Mombasa ikiwa na nyuzi 28, kilele cha Vuria kitakuwa na 15 hivi mchana, kabla hujahesabu upepo na unyevu. Usiku hushuka zaidi. Nyuzi 15 si kitu kwa mtu wa Nyahururu. Kwa mtu aliyelowa jasho, aliyezoea kulala na feni, ni jambo jingine. Hatari haiko kwenye baridi yenyewe bali kwenye nguo mbichi. Pamba hunywa maji na haiyaachii, kwa hiyo fulana ya pamba, suruali ya jinzi na lile koti zito la mitumba vyote vitakaa vimelowa mpaka jioni, huku upepo ukiondoa joto mwilini.

Vaa tabaka tatu. Iliyogusa ngozi iwe fulana ya polista, ile ya kuchezea mpira inafaa kabisa na haina gharama. Juu yake sweta la sufi au la flisi. Ya nje iwe koti la mvua lisilopitisha maji, lenye kofia. Unapopanda, vua sweta kabla hujatoka jasho, na ulivae mara tu unapopumzika, si baada ya kuanza kutetemeka. Soksi jozi mbili, moja kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa. Leso moja nayo haikosi kazi: hufungwa shingoni, hutandikwa chini, hufuta miwani. Kwa kujifunika usiku, uliza mapema kama nyumba ya wageni ina blanketi zaidi ya moja.

Viatu ndivyo huwaangusha wengi. Udongo mwekundu wa Taita ukilowa huwa mtelezi, na raba yenye soli laini haishiki chochote. Tafuta buti zenye meno makubwa, hata za mitumba, ila zivae mjini kwa wiki nzima kabla. Kiatu kipya mlimani kitakutoa malengelenge kwenye kisigino kabla ya saa tatu kupita. Kwa kushuka, kaza kamba upande wa juu wa mguu ili vidole visigonge mbele. Fimbo ya mti inasaidia kuliko inavyoonekana, hasa kwa magoti.

Maji beba lita mbili kwa mtu kwa nusu siku, tatu kwa siku nzima. Kwenye ukungu kiu haisikiki, lakini mwili unapoteza maji vilevile kwa jasho na pumzi, na kichwa kinachouma saa nane mchana mara nyingi ni ukosefu wa maji tu. Ugonjwa wa kimo usikutie hofu, mita 2,200 ni chini mno kwa hilo. Chakula kiwe cha kuliwa kwa mkono mmoja: tende, karanga, mahamri ya jana, ndizi. Wundanyi utapata wali, maharagwe, viazi na mboga za majani, na mboga hizo ni ndugu wa zile unazonunua sokoni Kongowea, kwa kuwa sehemu ya sukuma na kabichi za Mombasa hulimwa huku.

Ngangao ndipo pa kuanzia. Ni msitu mdogo, hekta 120 hivi, juu ya Wundanyi kwenye njia ya kwenda Werugha, na uko chini ya Huduma ya Misitu. Pita afisi yao kwanza, lipa kiingilio, na kwa kuwa malipo ya serikali siku hizi hufanywa kwa simu, hakikisha una salio na chaji kabla hujapanda mahali pasipo na mtandao. Chukua mwongoza njia wa hapo hapo. Kubalianeni mambo matatu kabla ya kuingia: njia mtakayopita, saa mtakayotoka, na bei ya kundi zima, isije ikawa ya kila kichwa.

Ndani, kitu cha kwanza utakachokiona ni jinsi msitu unavyokamua ukungu. Matawi ya miti ya asili yamevaa ndevu za kijani na kijivu, kangaga na okidi, na kila kimoja hunasa matone. Yakikusanyika hudondoka. Ukitoka nje barabarani pamekauka, ukirudi chini ya mti kuna mvua. Maji hayo hunywewa na udongo wa majani yaliyooza, kisha hutokea chini kama chemchemi. Mto Voi huanzia kwenye milima hii. Mahali palipopandwa misonobari na mikaratusi, na pako pengi, hali ni tofauti: chini ya mkaratusi pamekauka na hakuna kinachoota cha maana. Tembea dakika kumi upande mmoja na kumi upande wa pili uone mwenyewe. (Mombasa tunakunywa ukungu wa namna hii bila kujua. Maji ya bomba la Mzima hutoka Milima ya Chyulu, ambako mvua na ukungu huzama kwenye mawe ya volkano na kuibukia chini.)

Anayekwenda kutazama ndege wa msituni awe ndani ya msitu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kuna watatu wanaopatikana katika milima hii peke yake. Mkesha wa Taita, mwenye kichwa cheusi na mdomo wa rangi ya chungwa, hutafuta chakula chini kwenye majani makavu, kwa hiyo usitazame juu. Tembea hatua tano, simama dakika mbili, sikiliza majani yakichakurwa. Apalisi wa Taita ni mdogo kuliko shomoro, hukaa vichakani ambapo mwanga umepenya, na yuko kwenye hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Wa tatu ni yule mdogo wa kijani mwenye duara jeupe kubwa kuzunguka jicho, ambaye hutembea kwa makundi juu ya miti. Usichezeshe sauti za ndege kwenye simu ili kuwaita. Ndege wachache hivi wakipoteza asubuhi wakimfukuza mpinzani asiyekuwepo, hawali wala hawalishi makinda.

Vinyonga ni kazi ya usiku, na ni kazi nyepesi ajabu. Mchana huwaoni. Baada ya saa mbili usiku hulala kwenye ncha za vijiti na rangi yao hufifia kuwa nyeupe, kiasi kwamba kurunzi huwaonyesha ukiwa mbali. Yule wa Taita, *Kinyongia boehmei*, dume lake lina pembe mbili bapa puani. Hukaa hata kwenye vichaka kando ya mashamba, kwa hiyo huhitaji kuingia msituni gizani. Mwangaze kwa sekunde chache, piga picha, ondoka. Kumshika hapana, na hilo najua kwa watu wengi wa pwani halihitaji kusisitizwa.

Mambo mawili husumbua chini. Siafu huvuka njia kwa mistari hasa baada ya mvua. Chomeka suruali ndani ya soksi na usisimame kupiga soga bila kutazama miguu. Upupu huota pembezoni mwa njia, na ukikugusa usikune wala usimwage maji mara moja; paka udongo mkavu au majivu, kisha ukung'ute.

Vuria hauna ugumu wa kupanda kwa kuwa barabara ya gari hufika hadi kwenye milingoti ya mawasiliano kileleni. Kwa sababu hiyo wapandaji wengi huudharau. Lakini ndio wa juu kuliko yote, na wakati wa kusi tofauti ya pande mbili za mlima huonekana wazi: upande wa kusini-mashariki, unaopokea upepo, ni wa mawingu na kijani, wa kaskazini-magharibi ni mkavu zaidi na wingu huchanika mapema. Ukikuta kileleni hakuonekani kitu, shuka mita 200 upande huo mkavu kabla ya kukata tamaa. Iyale, karibu na Wundanyi, unafaa kwa mwenye nusu siku tu.

Mbololo nauweka juu ya yote kwa anayejua anachotafuta. Msitu wake, karibu hekta 200, ndio uliobaki vizuri zaidi, na mikesha wengi wa Taita wako huko. Kwenye miamba yenye kivuli huota ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, *Saintpaulia teitensis*, ambalo halipo kwingine kokote duniani porini. Jamaa zake huuzwa kwenye vyungu madirishani kote ulimwenguni. Kung'oa mche mmoja hapa ni wizi wa wazi. Njia za Mbololo hazina alama, kwa hiyo bila mwenyeji usiingie.

Sagalla ni wa siku moja ukitoka Voi. Mashambani humo, udongoni, anaishi mnyama asiye na miguu anayefanana na nyungunyungu mnene, kumbe ni jamaa wa mbali wa vyura. Anaitwa *Boulengerula niedeni*. Wanasayansi walimwandika rasmi mwaka 2005, na hapatikani nje ya Sagalla. Huwezi kwenda kumtazama kama ndovu, hutokea jembe linapochimba, lakini ni vizuri kujua unakanyaga juu ya nini.

Kasigau ni mgumu kuliko kimo chake kinavyodai, kwa sababu unaanzia chini kabisa kwenye joto la nyika na kumalizia kwenye ukungu. Anza saa kumi na mbili asubuhi kutoka kijiji cha Rukanga au vijiji vingine vya chini yake, hesabu saa tatu hadi nne za kupanda, na beba maji yote; usitegemee kupata juu.

Kupotea kwenye ukungu hutokea haraka, hasa kwenye ukingo ambapo njia za ng'ombe na za kuni hugawanyika. Pakua ramani ya nje ya mtandao ukiwa mjini na weka alama mahali ulipoanzia. Ukipoteza njia, simama. Usifuate kijito kushuka, kwa maana hapa vijito hupita juu ya magenge na utajikuta ukingoni kwenye jiwe la kuteleza. Vaa kila ulichonacho, kaa mahali pasipo na upepo, piga filimbi mara tatu kila baada ya dakika chache, na ngoja wingu liinuke. Mwenzako akianza kutetemeka bila kukoma, kujikwaa na kutamka maneno kwa uzito, safari imekwisha: mvue nguo mbichi, mvishe kavu, mpe chai tamu ya moto kama anaweza kumeza, mshushe akishapata joto. Akiacha kutetemeka huku bado yuko baridi na amechanganyikiwa, hiyo ni hali mbaya zaidi, si nafuu; huyo atafutiwe msaada wa kumbeba.

Kuna mapango yenye mafuvu ya wazee wa Wadawida, na vichaka vitakatifu vinavyoitwa fighi. Hayo si sehemu ya matembezi ya kawaida. Ukitaka kuyaona, mzee wa pale akubali kwanza na awepo. Usiguse, usipange upya, na uliza kabla ya kupiga picha.

Kamera na simu huharibika wakati wa kurudi kuliko wakati wa kupanda. Kioo kilichopoa kikiingia kwenye hewa ya joto na unyevu ya Mombasa, mvuke hujikusanya ndani ya lenzi. Vifunge kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado mlimani, na usifungue mpaka vipate joto la chumba, saa moja au mbili. Buti zioshe udongo wote kabla ya kuondoka, na tena kabla ya kuzipeleka msitu mwingine, kwa sababu mbegu za magugu na maradhi ya vyura husafiri kwenye matope. Na kama unarudi kwa gari moshi lile la vituo, hupita Voi mchana, si jioni. Angalia ratiba, ondoka Wundanyi mapema asubuhi, na uhesabu muda wa matatu kujaza abiria, ambayo haiondoki mpaka kiti cha mwisho kipate mtu.